Singileti kwanza, koti baadaye

Wandugu wanachama, kila mwaka kiangazi kikikaribia, komite za koperative za milimani zinatuomba kitu kimoja: makoti. Maombi yanatoka Masisi, yanatoka Lubero, yanatoka milima ya juu ya Uvira na Fizi. Tunaelewa sababu. Koti linaonekana. Ukigawia watu makumi mbili makoti mazito, kila mtu anaona kwamba koperative imefanya kazi, na picha inakuwa nzuri. Lakini tumetembea mingi na wakamuaji, wachungaji, walimaji wa viazi na wasukuma chukudu, na tunaona kwamba mpango huo unaanzia mahali pabaya. Kabla ya kuuliza mtu anavaa nini juu, tuulize anavaa nini ndani, ile nguo inayogusa ngozi. Mara nyingi hiyo njo inaamua kama atafika nyumbani akiwa salama ao akitetemeka.

Mtu wa Kisangani ao Kindu akisikia tunaongea juu ya baridi, anacheka. Kwetu ni kwenye ikweta, baridi inatoka wapi? Inatoka kwenye kimo. Ukipanda mita 1,000, joto linapungua digrii 6 mpaka 7 hivi. Uvira iko kando ya Tanganyika, kwenye mita zisizofika 800. Mtu anayetoka pale mpaka malisho ya juu, kwenye mita zaidi ya 2,000, ameacha joto mingi nyuma yake bila kuvuka mpaka wowote. Goma iko karibu mita 1,500, na mdomo wa Nyiragongo uko mita 3,470. Kama usiku Goma kuna digrii 16, kule juu kuna 3 ao 4, na upepo haujahesabiwa. Tena wengi wanafikiri baridi kali ni ya mvua peke yake. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba, mbingu ikiwa safi bila wingu, udongo unapoteza joto lake lote, na asubuhi mkamuaji anaingia kwenye majani yenye umande akiwa kama mtu anayeoga.

Sasa, baridi peke yake haiangushi haraka mtu mwenye nguvu na aliyekula. Baridi pamoja na maji njo adui. Maji yanaondoa joto mwilini mara 25 hivi kupita hewa iliyotulia. Na haya maji hayatoki paka kwenye mvua. Yanatoka ndani yako.

Tuangalie mtu wa chukudu anayepanda asubuhi kutoka Goma kwenda Kibumba kuchukua viazi na mashu. Kupanda anasukuma kwa mguu na kwa mkono, kilometa nyingi, na hata kama kuna baridi anatoka jasho. Ndani amevaa singileti ya pamba, juu triko, juu tena koti la plastiki kwa ajili ya mvua. Anafika, singileti imelowa yote. Anasimama kungojea mzigo upakiwe, mwili unapoa. Halafu anapanda juu ya chukudu na kuteremka na mzigo. Sasa hasukumi tena, hana kazi inayomtia joto, na upepo unampiga kifuani njia yote. Mtu huyu alivaa nguo tatu, na koti analo. Kinachomwangusha ni ile ya kwanza, ya ndani, inayoshika maji juu ya kifua chake kama kitambaa kilichowekwa kwa mgonjwa wa homa.

Ni vilevile kwa anayebeba bidoni ya maziwa kutoka bondeni mpaka kwa watengeneza fromaji. Anapanda anachemka, anafika anasimama kwenye mstari wa kupima. Ni vilevile kwa motari, na kwa sentineli anayetembea saa moja na kukaa saa tatu. Kazi zetu za milimani ziko hivyo: jasho, halafu kusimama.

Pamba ni nguo nzuri. Haikwaruzi, inafuliwa kwa maji ya moto, na kwenye joto la Kindu hakuna kitu bora. Lakini uzi wa pamba unapenda maji. Unayanywa, unayashika, na unakauka polepole sana. Ikiisha kulowa, ile hewa ndogo iliyokuwa katikati ya nyuzi, ambayo njo ilikuwa inakupasha joto, imefukuzwa na maji. Kwa hiyo singileti nzito ya pamba si bora kuliko nyepesi. Ni mbaya zaidi, kwa sababu inabeba maji zaidi.

Polyesta haifanyi hivyo. Uzi wake ni jamaa ya plastiki, haunywi karibu kitu. Jasho linapita katikati ya nyuzi, linatandaa kwenye upande wa nje, linakauka. Na hapa tunaomba mtuamini: nguo ya polyesta inayofaa kazi hii tayari iko ndani ya nyumba nyingi za wanachama. Ni jezi ya mpira. Ile ya Mazembe, ya Barcelona, ya timu ya shule, haidhuru. Angalieni kama ni ya polyesta, kama inabana kidogo mwilini bila kusumbua kupumua, na muivae ndani, chini ya triko, badala ya singileti ya pamba. Vijana wengi wanafanya kinyume: pamba ndani, jezi juu ili watu waione. Tunaelewa kwamba kuficha jina la mchezaji ni maumivu.

Kama kuna mtu anabisha kwenye mkutano, msimbishie kwa maneno. Chukueni singileti ya pamba na jezi zenye ukubwa karibu sawa, mzitie kwenye beseni moja, mzikamue kwa nguvu ileile, mzipime kwenye mizani ya maharagi. Halafu mzitundike kwenye kamba moja kivulini na muendelee na ajenda yenu. Mkutano ukiisha, mzishike tena kila moja.

Kisha kuna sufu, nywele ya kondoo. Hii njo bora kwa baridi ya majimaji, na tunasema hivyo tukijua kwamba si rahisi kuipata. Uzi wa sufu unaweza kuingiza ndani yake mvuke wa maji karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ngozi haijaanza kusikia umaji. Hata ikilowa inabaki imevimba kidogo, inashika hewa, na joto halipotei lote. Haichukui harufu haraka, kwa hiyo mchungaji anayekaa malishoni wiki nzima anaweza kuivaa siku kadhaa bila kukimbiwa na wenzake. Wengine wanatuuliza: mbona tuko na kondoo wengi na hatuna sufu? Kondoo wetu wa Kivu ni wa nyama, manyoya yao ni mafupi na magumu kama ya mbuzi, hayasokotwi. Sufu laini inatoka kwa kondoo wa aina ya merino, wanaofugwa sana Australia na nchi nyingine. Uzi wao ni mwembamba mara kadhaa kuliko unywele wa mtu, njo maana hauwashi. Sufu inayowasha ni ile ya nyuzi nene, na hiyo muiache ikae juu, isiguse ngozi.

Kwetu sufu inafika ndani ya balo za mitumba kutoka Ulaya na Amerika, na wauzaji wengi hawaijali. Wanatafuta jinsi na makoti. Triko nyembamba ya sufu, ya mikono mirefu, yenye tundu moja kwenye kiwiko, inatupwa kwenye lundo la bei ya chini. Hapo njo mama mwenye macho anapata mali.

Namna ya kuitambua ni hii. Kwanza etiketi, ile ndogo iliyoshonwa ubavuni ao shingoni. Ukiona neno «laine», «wool», «wolle» ao «lana», hiyo ni sufu. Lakini muwe macho na neno la Kijerumani «Baumwolle»: lina «wolle» ndani yake, lakini maana yake ni pamba. «Coton» na «cotton» kila mtu anajua. «Acrylique» ni uzi wa kiwandani uliofanywa ufanane na sufu. Unatia joto kiasi, haunywi maji mengi, unafaa kwa triko ya katikati, lakini musiulipe bei ya sufu. Kuna tena «chlorofibre», ambayo inapatikana kwenye singileti za baridi za Kifaransa. Kampuni Damart ya Roubaix ilianza kuuza za aina hiyo mwaka 1953. Inafaa sana kuvaa ndani, ila maji ya moto na pasi vinaiua, inajikunja na kubaki ya mtoto.

Etiketi ikiwa imekatwa, tumieni moto. Vuta uzi mmoja kutoka upindo wa ndani, ukiisha kuomba ruhusa ya mwenye mali, uuchome mbali na nguo nyingine. Sufu inawaka kwa shida, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanavunjika ukiyasugua. Pamba inawaka haraka, inanuka karatasi, inaacha majivu laini. Polyesta, nailoni na akriliki zinayeyuka, zinakuwa tone gumu kama shanga. Musiguse tone hilo likiwa la moto.

Na hilo tone ni onyo pia. Kitu kinachoyeyuka kwenye uzi kitayeyuka juu ya ngozi. Mama anayepika kwenye mbabula, mchungaji anayelala kando ya moto, mchoma makala, hawa jezi ndani si shauri zuri kama cheche zinarukaruka na juu hakuna nguo ya kuzizuia. Kwao tunatafuta sufu kwanza. Kama haipatikani, wavae jezi wakati wa kazi na kutembea, na wakifika kwenye moto waivue na kuvaa pamba kavu. Tukiwa hapa: musiingize mbabula ya makala ndani ya chumba mlichofunga mlango na dirisha ili mulale kwa joto. Moshi wake wenye sumu haunuki na hauonekani, na umeua familia nzima katika usingizi.

Juu ya ukubwa, tunaona watu wananunua kubwa sana kwa sababu wanafikiri watavaa nguo nyingine chini yake. Hapana. Hii njo ya chini kabisa. Inapaswa kugusa ngozi pande zote ili ichukue jasho, na iwe ndefu mpaka ipite kiuno, maana mkamuaji anapoinama mgongo unabaki wazi na upepo unaingia palepale. Mikono mirefu, shingo iliyofunga. Kwa mama anayenyonyesha, tafuteni yenye vifungo ao zipu mbele. Kuvua nguo zote malishoni kwa ajili ya mtoto ni kupoteza joto la wawili. Miguu nayo inasahaulika. Kolani ya sufu ao ya polyesta chini ya suruali ao kikwembe inasaidia sana, na soksi ndani ya bote zinafuata sheria ileile: bote la kaucho halipitishi maji ya nje, wala halitoi jasho la ndani.

Si lazima kitambaa kiwe kizito. Katika miaka ya 1930 Wanorwe walianza kushona singileti kwa nyavu za uvuvi, matundu matupu, na watu waliwacheka. Lakini matundu yanashika hewa chini ya shati, na jasho linapata mahali pa kupita. Edmund Hillary alipofika juu ya Everest mwaka 1953 alikuwa na singileti ya matundu chini ya shati lake la sufu. Singileti za matundu zinapatikana pia kwenye mitumba. Kumbukeni tu kwamba peke yake haina maana, lazima nguo nyingine iifunike ili ile hewa isikimbie.

Nguo ya mitumba isivaliwe siku ileile ya kununuliwa, hasa hii ya kugusa ngozi. Upele na chawa wa nguo wanasafiri ndani ya mishono. Milima ya baridi inawafaa chawa, kwa sababu watu wanavaa nguo moja mchana na usiku bila kubadilisha. Majirani zetu wa Burundi wanakumbuka miaka ya 1990, wakati ugonjwa walioita sutama, tifusi inayoletwa na chawa, ulipata makumi ya maelfu ya watu waliokimbia vita na kukaa kwenye kambi za milimani. Pamba ifuliwe kwa maji ya moto sana. Sufu haichemshwi, ukiichemsha na kuisugua inajikaza na kuwa kama kofia. Ifungeni ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ikae wiki mbili bila mtu kuigusa, halafu muioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, muiminye bila kuisokota, muilaze kivulini ikauke. Polyesta inakubali sabuni na jua, na isifuliwe pamoja na vitu vyenye mafuta, maana inashika harufu.

Lakini hata nguo iliyo bora haitoshi ikiwa ni moja. Hapa njo tunabishana zaidi na komite. Pesa ya koti moja zito jipya, mara nyingi inatosha kununua nguo mbili za ndani nzuri kwenye balo, pengine na soksi juu yake. Mbili zina maana hii: moja ya kazi, moja kavu. Ile kavu inafungwa ndani ya mfuko wa plastiki, inawekwa chini kabisa ya mzigo, na haiguswi mpaka kazi ya jasho iishe. Mtu akifika juu, kabla ya kukaa, kabla ya kunywa chai, anatafuta mahali pa kujificha upepo, anavua iliyolowa, anavaa kavu, halafu triko na koti. Dakika mbili za kutetemeka. Kwa mchungaji anayelala nje, ile ya pili ni ya usiku peke yake, na asubuhi anarudia ile ya kazi hata kama bado ina umaji. Tunajua haipendezi. Anayevaa kavu asubuhi kwa sababu ya uvivu, jioni hana kitu.

Tena mfundishe watu kuvua mapema. Anayeanza kupanda akiwa amefunga koti mpaka shingoni atakuwa amelowa kabla ya nusu ya njia. Aanze akisikia baridi kidogo, mwili utajipasha wenyewe. Mvua ikinyesha, koti la plastiki livaliwe, lakini lifunguliwe kifuani mvua ikitulia.

Na kila kundi linalokwenda malishoni lijue dalili, kwa sababu mtu aliyeshikwa na baridi hajitambui mwenyewe. Kwanza anatetemeka sana. Halafu vidole vinashindwa kufunga kifungo ao kamba ya bidoni, maneno yanakuwa kama ya mlevi, anajikwaa, anasema hana tatizo na anataka kukaa tu. Mwili wa mtu unakaa kwenye digrii 37. Ukishuka chini ya 35, hatari imeanza. Akiacha kutetemeka na bado hajapata joto, hiyo si nafuu, hali imekuwa mbaya zaidi. Mumuondoe kwenye upepo, mumvue vyote vilivyolowa, mumvalishe kavu, mumfunge kwenye blanketi pamoja na mtu mwingine mwenye joto. Akiwa anaweza kumeza vizuri, apewe chai ya moto kiasi yenye sukari. Musimpe kanyanga wala kasiksi. Pombe inaleta damu kwenye ngozi, anasikia moto kwa muda mfupi, na joto la ndani linatoka nje. Musimsugue miguu na mikono kwa nguvu. Mumpeleke kituo cha afya, na abebwe, asitembezwe.

Kwa komite zinazotaka kununua pamoja kabla ya kiangazi, shauri letu ni kutuma watu wawili sokoni siku balo zinafunguliwa, asubuhi mapema, mmoja wao awe mama anayejua kushona. Wakae kwenye lundo la triko nyembamba, waache makoti kwa wengine. Waende na kipimo cha kifua na cha urefu wa mgongo cha kila mwanachama kwenye karatasi, maana etiketi za Ulaya zinadanganya ukubwa na nguo ya sufu inaweza kuwa imeshajikaza kwa mwenye kuivaa kwanza. Matundu madogo wasiyaogope, yanashonwa kwa uzi wowote. Wakague kwapa na shingo: pale kitambaa kikiwa chembamba mpaka mkono unaonekana upande wa pili, waiache hata kama bei ni ya bure. Koperative zilizo na akiba ndogo zianze na wanaolala nje, halafu wabeba maziwa, halafu wengine kwa zamu. Kitakachobaki kwenye sanduku, ndiyo, nunueni makoti.